Debe Moja, Wimbo Mmoja

Kwenye chemchemi ya bondeni, karibu na Nyamarambe, wanawake walipimiana zamu kwa wimbo wa kanisani. Ubeti wa mwisho ukiisha, debe limejaa, na mwenzako anasogea. Gesare alikulia katika zamu hizo, ameshika leso ya mama yake, Esnah.

Mwaka 1965, akiwa mwalimu asiye na cheti, alipeleka darasa lake pale. Watoto wakakinga debe, wakaimba. Waliurudia wimbo mara tatu ndipo likajaa. Wakainua macho, wakaiona mikaratusi michanga iliyoizunguka chemchemi, wakasema wenyewe: miti inakunywa. Miti hiyo ilikuwa ya Angwenyi, mwalimu mkuu wao.

"Uliajiriwa kufundisha, si kuchezesha watoto matopeni," Angwenyi alimfokea mbele ya shule nzima. "Nenda nyumbani, mwalimu wa matope!"

Jina likamganda hadi sokoni. Mikaratusi ikarefuka, chemchemi ikabaki kudondoka, na Esnah akaanza kuteremka mpaka mtoni. Kila jioni Gesare alimkanda mama yake mgongo, na kila jioni alilifukia jina la Angwenyi moyoni, kama kaa la moto linavyofukiwa majivuni lisizimike.

Alisoma. Kufikia 1975 alikuwa mkufunzi, akiwafundisha walimu wenzake kusomesha habari za mto kwa miguu na mikono: kuinua mawe na kuhesabu wadudu, kutuliza maji ya matope ndani ya chupa, kufuata kijito hadi kinapozaliwa. Siku moja alisoma orodha ya wanafunzi wapya, akamkuta Angwenyi. Mwalimu mkuu huyo alitaka kuwa mkaguzi wa shule, na bila cheti cha kozi ya Gesare asingeipata kazi hiyo.

Gesare aliwapeleka wote hadi kwenye chemchemi ile.

"Bwana Angwenyi, shika debe. Wengine tuimbe."

Angwenyi akainama na suti yake ya kahawia. Walimaliza wimbo, wakaanza tena. Na tena.

"Mwalimu Mkuu, usiliegemee, hiyo si mimbari!" Ondieki, mwanafunzi mwenzake, alimtania, walimu wakaangua kicheko.

Debe lilijaa kwenye wimbo wa kumi na moja, sauti zimekwisha kukauka. Angwenyi akaliweka kando.

"Nisamehe, dada," alinong'ona.

"Cheti nitakisaini siku debe hili litakapojaa kwa wimbo mmoja," Gesare akajibu kwa sauti, ili kila mtu asikie.

Angwenyi aliikata mikaratusi. Aking'oa visiki, jirani walimwita mwalimu wa matope, na Gesare alipopata habari hiyo alilala usingizi mtamu. Mikuyu, miti inayotunza maji, ikapandwa mahali pake. Miaka mitatu baadaye Angwenyi akamwita aje apime.

Gesare aliimba peke yake. Wimbo ulipoisha, debe lilipungua vidole vinne kujaa.

"Bado."

Muhula uliofuata, vidole vitatu. "Bado."

Mara ya tatu Esnah alimfuata binti yake, akijikongoja kwa fimbo. Alisikiliza ubeti mmoja tu.

"Gesare, nani anakukimbiza?"

Esnah akaagiza debe limwagwe, kisha akaanza wimbo upya, polepole, kwa mwendo wa zamani wa wenye kungoja zamu. Kabla ya ubeti wa mwisho kuisha, maji yalifurika yakamlowesha Angwenyi miguu.

"Ulijua naimba mbio?" Gesare alimuuliza.

"Nilijua, Mwalimu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mimi?"

Gesare alikitoa cheti kwenye mkoba, mahali kilipokaa miaka yote hiyo, akakisaini juu ya goti lake.

"Nimeyasainia maji," alisema. "Wewe sijakusainia bado."

Angwenyi akanyoosha mkono amtwike debe. Gesare aliusukuma kando, akajitwika mwenyewe, akapanda kilima nyuma ya mama yake.