Shavu la Kushoto la Mama

Nina kinyongo, na sioni haya kusema. Mama yangu aliosha sufuria miaka kumi na mmoja katika hoteli moja ya Bamburi. Mafuta ya karai la jikoni humo humo yalimmwagikia, yakamwachia kovu kutoka sikioni hadi kidevuni. Siku wafanyakazi walipopigwa picha ya kutundikwa mapokezi, msimamizi alimtoa kwenye mstari. "Mama, hebu kaa pembeni, wageni watashtuka." Mama alinisimulia huku akichambua mchicha, akicheka. Mimi sikucheka.

Kazi yangu ni kuchora sura za watu kwa penseli, Mishomoroni. Huku kwetu jeneza hutanguliwa na picha ya marehemu, na wengi hufa hawana picha ila ya kitambulisho; jamaa huniletea niikuze. Basi nikamchora mama angali hai, tena mkubwa. Shavu la kushoto nikalilainisha. Alipoiona akauliza, "Huyu ni nani?" Nikaona aibu, kwani nami nilikuwa nimemtoa kwenye mstari. Nikachora upya, kovu zima, nikaitundika mlangoni mwa kibanda changu cha kazi.

Haukupita muda yule msimamizi wa hoteli akaja; mimi nilimjua tangu enzi za kumsubiri mama langoni, yeye asinijue. Amefiwa na mama yake, mazishi ni Jumamosi, na kitambulisho kimefifia hata pua haionekani. Nikamuuliza marehemu alikuwa na macho gani, paji la uso pana au jembamba. Akababaika. Ikabidi awapigie simu dada zake. Alipoinua kichwa akaiona picha.

"Huyu si aliwahi kufanya kazi kwetu?"

"Ni mama yangu. Mtazame vizuri, maana siku ile hukumtazama."

Nikampa sharti: picha ile itundikwe mapokezi leo hii, ndipo nianze kumchora mama yake. Akanisihi, ana msiba. Nikamwambia basi afanye haraka. Akutendaye mtende. Akaibeba kwa mikono miwili hadi barabarani, nami nikimwangalia kwa raha zangu zote.

Alasiri nilikwenda Bamburi kuhakikisha, nikaikuta imetundikwa, kisha nikarudi kumweleza mama. Akakasirika.

"Mwanangu, unamlipiza mtu kwa msiba wake?"

"Ndiyo, mama. Na mamake nitamchora vizuri sana, lakini sijuti."

Akajifunga leso upya.

"Haya. Kesho nipeleke nikajione."