Mkikuyu anayewatafutia Makaburu mababu zao

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatano, mlango wa chumba cha kusomea katika jumba moja la kuhifadhi nyaraka za kale jijini Johannesburg unafunguliwa, na Nyambura Mureithi anaingia wa kwanza. Anaacha mkoba na kalamu ya wino mlangoni, maana wino hauruhusiwi humu. Anabaki na daftari, penseli mbili na sweta.

Ni Agosti 2017 na baridi bado inauma. Placide, mlinzi wa jumba hilo, baba wa watoto watano kutoka Bukavu, amekwisha kumsogezea kiti karibu na hita.

"Mama, kiti yako niliichunga," anamwambia. "Leo utamupata ule mama."

"Ule mama" ni Hester, mwanamke wa Kikaburu aliyefariki mwaka 1891 na kuzikwa bila jiwe mahali fulani kusini ya mto Vaal. Nyambura amekuwa akimtafuta tangu Juni. Anayemsubiri ni kilembwe wa Hester, Gesina Lourens, mwenye umri wa miaka 84, anayeishi katika makao ya wazee huko Midrand. Daktari amemwambia Gesina kwamba moyo wake umechoka. Anataka kuliona jiwe la Hester limesimama wakati bado anaweza kupanda gari.

Kutafuta watu wa namna hiyo ndiyo kazi ya Nyambura. Wateja wake ni vizazi vya familia zilizotoka Rasi, pwani ya kusini, kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe katika miaka ya 1830, zikavuka mto Orange na kujenga mipakani, kwenye nchi ambayo haikuwa tupu. Hilo Nyambura halisahau. Ukurasa wa mwisho wa kila ripoti yake huorodhesha wafanyakazi Weusi aliowakuta katika vitabu vilevile anamowatafuta Makaburu, ingawa hakuna aliyemwagiza.

"Wengine wameandikwa jina moja tu, wengine hata hilo hawana," anasema. "Lakini nikishamwona mtu, siwezi kumpita kama sikumwona."

Nyambura, mwenye miaka 54, ni mzaliwa wa Nyeri. Alikuja Johannesburg mwaka 2004 akimfuata mumewe, na kwa miaka saba alikuwa karani wa benki, hadi kazi ilipokwisha. Huko Bellevue alikuwa na jirani, mwalimu mzee wa Kiafrikana, kama Makaburu wa leo wanavyojiita, ambaye macho yalikuwa yamemwishia. Mzee huyo alimwomba awe akimsomea daftari za kale za ubatizo. Kila Alhamisi, kwa chai na biskuti ngumu, alimfundisha kusoma mwandiko wa zamani bila kumtoza senti. Alipofariki, watoto wake walimletea Nyambura kioo chake cha kukuzia maandishi. Mzee alikuwa ameacha neno kwamba apewe yeye.

Leo familia moja humlipa takriban randi elfu nne, kwa kazi inayoweza kuchukua wiki sita. Si nyingi, lakini kodi ya nyumba hulipwa, na binti yake Muthoni yuko chuo kikuu.

Rafiki yake wa kanisani, Lynette, hachoki kumtania. Humwambia kwamba wa kwao wamelala Nyeri wanangoja, naye yuko huku anachimbua Makaburu. Nyambura hucheka. Humjibu kwamba wa kwao hawajapotea, kwa sababu huzaliwa upya kwa majina.

Na ni majina hayo yaliyomponza.

Makaburu wa zamani, kama Wakikuyu, waliwapa watoto majina ya babu na nyanya kwa utaratibu maalumu. Mwana wa kwanza alichukua jina la baba wa baba yake. Ndiyo maana katika ukoo wa Gesina kulikuwa na Barend wawili, watoto wa ndugu wawili, wote wameitwa jina la babu mmoja. Mmoja alizaliwa na Aletta, mwingine na Hester. Swali lilikuwa ni Barend yupi aliyekuwa babu mzaa babu yake Gesina.

Ukurasa wenye jina la mama wa Barend huyo ulikuwa umeliwa na wadudu. Ila majina ya mabinti zake yalikuwepo. Wa kwanza Aletta, wa pili Hester.

Kwa Mkikuyu hapo hakuna swali. Binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, kama alivyoitwa Nyambura mwenyewe. Basi Aprili aliandika kwamba mama yake Barend ni Aletta, akaonyesha na shamba alikozikwa. Gesina alilia kwa furaha. Watoto wake wakaagiza jiwe, na jina likachongwa.

Siku tisa kabla ya jiwe kusimikwa, Nyambura alifungua boksi la wilaya nyingine akitafuta watu wengine kabisa. Ndani yake akakuta hati ya kifo ya Barend. Jina la mama lilikuwa Hester.

"Nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena," anakumbuka. "Kisha nikarudia familia zote nilizowahi kushughulikia. Kwa Makaburu binti wa kwanza ni wa mama wa mke, na mama mkwe wa Barend naye aliitwa Aletta. Mama wa mume hungoja wa pili. Nilikuwa nimewasoma kama watu wa Nyeri."

Hakuna mwingine aliyejua. Lynette alipoelezwa alimshauri anyamaze, kwani bibi mzee alikuwa na furaha na hakuna aliyeumia. Kesho yake asubuhi Nyambura alikuwa Midrand.

Anasimulia kwamba Tannie Gesina, yaani shangazi, kama Waafrikana wanavyomwita mwanamke aliyewazidi umri, alimmiminia chai kwanza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe miezi miwili hii nimekuwa nikimshukuru mke wa shemeji yake Hester," akasema.

Kisha akauliza kama Aletta naye alikuwa na jiwe. Hakuwa nalo. Akaagiza jiwe lisivunjwe, apewe Aletta mwenye jina lake. Lilisimikwa Julai, na Nyambura alialikwa, akakalishwa karibu na Gesina.

Mwana mkubwa wa Gesina alitaka atafutwe mtafiti mwingine, mmoja wa kwao. Mama yake alimkatiza.

"Mmoja wa kwetu asingekuja kuniambia," alisema. Akamgeukia Nyambura. "Mwanangu, siku zangu ni chache. Nitafutie Hester."

Kwa utafutaji huu wa pili Nyambura hatozi chochote.

Karibu saa tano, kwenye boksi la tatu, penseli yake inasimama. Ni hati ya mwaka 1892, mume wa marehemu Hester akiuza shamba lake. Anauza nyumba, kisima na malisho yote, isipokuwa kipande cha hatua ishirini kwa ishirini nyuma ya zizi la kondoo, "alipolala mke wangu Hester."

Nyambura ananakili kila neno, kisha anatoka chumbani na kupiga simu Midrand. Placide anampisha apite, akitabasamu.

Gesina anamuuliza kama ana hakika.

"Safari hii ameandika mumewe mwenyewe, Tannie," anamjibu.

Mwenye shamba wa sasa ameshapigiwa simu na amewakaribisha. Nyambura anatumaini jiwe litasimama kabla Septemba haijaisha. Lakini Jumamosi hii anakwenda kwanza yeye, alione zizi na kuzipima zile hatua ishirini kwa miguu yake.

"Mchongaji asishike tindo mpaka nirudi," anasema.

Tannie Gesina naye amesema haachwi nyuma Jumamosi. Ameshaagiza viatu vyake vya kutembelea vitolewe kabatini. Daktari hajaulizwa.