Ubao Ambao Sikuufuta

Nyani ana harufu yake, na aliyekulia vilima vya Butiama haisahau. Ni harufu ya mkojo uliokauka juu ya jiwe lililopigwa na jua, imechanganyika na maganda ya matunda pori na manyoya yenye vumbi. Mtama ulipoanza kuinamisha vichwa, harufu hiyo ilitushukia shambani asubuhi kabla hatujamwona nyani mwenyewe. Ndipo tulipopanda dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba, tukaanza kupiga debe. Watoto wa koo nyingine walikuwa na makombeo. Sisi hatukurusha jiwe. Ukoo wetu mwiko wake ni nyani. Hatumuui, hatumpigi, na hata kumcheka hakuruhusiwi. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akisimama katikati ya mtama na kusema nao kwa sauti ya mtu anayemsindikiza mgeni: "Babu, mmekula, mmeshiba. Sasa rudini kwenu." Siku nyingine walirudi. Siku nyingine walimtazama tu huku wakitafuna, naye akaniambia kwamba wazee ndivyo walivyo, hawapendi kuharakishwa. Methali ile ya nyani asiyeona kundule haikusemwa mbele ya Bibi. Angekuuliza wewe lako umeliona lini.

Asili ya mwiko huo alinisimulia mara nyingi. Zamani za ukame mkubwa, wazee waliotutangulia walikuwa wanakufa kwa kiu, wakaona nyani wanafukua mchanga wa mto uliokauka. Nao wakafukua palepale, maji yakatoka. Tangu siku hiyo wakaapa kwamba aliyewaonyesha maji ni ndugu, na ndugu hapigwi mawe. Sijawahi kuona ubaya wa kiapo hicho. Mtu akikupa maji unamshukuru, awe na mkia au asiwe nao.

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu. Alibatizwa akiwa mtu mzima, na kwa kuwa hakujua kufanya jambo nusu, aliacha pombe, akaacha matambiko, akamwacha hata nyani. Ili watu waone kwamba amemwacha, alirusha mawe. Alirusha vibaya, maana mkono wake haukufundishwa tangu utoto, na majirani walikuwa wakisimama njiani kutazama jinsi Katekista anavyomkosa babu yake. Walimuuliza waziwazi kama leo babu amemsamehe. Baba hakucheka. Wakati ule niliona ni ukali tu. Sasa nina wajukuu, najua lilikuwa donda, na donda la mtu halipendi hata nzi atue karibu nalo.

Shule yetu ilikuwa na vyumba viwili vya udongo na bati, na kigango hakikuwa na jengo lake. Kwa hiyo chumba cha darasa la tano siku ya Jumapili kiligeuka kanisa. Madawati yaleyale, ubao uleule. Kila Ijumaa mwanafunzi mwenye zamu alifuta ubao kwa kipande cha gunia, akafagia na kusogeza meza ya mwalimu katikati. Jumapili Baba akaitandika kitambaa cheupe na kusimamisha msalaba juu yake. Padri alifika kwa nadra, siku nyingine zote Baba ndiye aliyeongoza ibada. Mwalimu wetu, Mwalimu Kamugisha, alikuwa kijana mrefu kutoka Bukoba, Mkristo kama sisi, aliyekaa dawati la mbele na kuimba sauti nzito iliyotetemesha bati. Mimi alinipenda kwa sababu nilikuwa nashika somo neno kwa neno, kama mtu anayekunja kanga na kuiweka sandukuni. Alishaniambia kwamba nikiendelea hivyo nitakwenda kusoma Musoma mjini. Ziwa nilikuwa sijaliona hata siku moja, lakini nilishaanza kuliota.

Ijumaa moja alitufundisha habari za zamadamu, watu wa kale kabisa. Alichora mafuvu manne kwa mstari, la kwanza likiwa na paji la uso lililobonyea, la mwisho likiwa kama letu, na pembeni akachora nyani amekaa juu ya jiwe. Alitueleza kwamba mafuvu mengine yalichimbwa Oldupai, ng'ambo ya Serengeti, si mbali sana na sisi. Kisha akasema maneno ambayo ninayo mpaka leo: "Wataalamu wanasema mtu na nyani wametoka katika ukoo mmoja wa kale sana. Nyani hakumzaa mtu. Ni matawi mawili ya shina moja. Hivyo ndivyo mifupa inavyowaambia wao. Aliyelipanda hilo shina, mtamsikia Jumapili." Nilizishika sentensi zote, lakini moyo wangu uliishia kwenye ile ya kwanza. Ukoo mmoja! Zamu ya kufuta ubao siku hiyo ilikuwa yangu. Niliacha gunia mezani, nikakimbia moja kwa moja hadi uani kwetu, nikamwambia Bibi kwamba Mwalimu amesema nyani ni babu yetu.

Hakusema hivyo. Mimi ndiye niliyesema hivyo. Nilikata pembe zote za somo ili liingie kwenye chungu cha Bibi, kwa sababu nilitaka kumwona akifurahi. Naye alifurahi. Aliweka ungo chini, akapiga kigelegele kimoja kikavu, akasema, "Mimi nilikuwaga nawaambia. Wakaniona mshamba." Siku iliyofuata alikwisha kuwaambia wanawake wote kisimani kwamba hata serikali sasa inajua.

Jumapili watu waliingia, na mafuvu yalikuwa ukutani yakiwasubiri. Baba aliingia wa mwisho akiwa na Biblia kwapani, akauona ubao, akasimama. Angeweza kuchukua gunia akafuta, jambo likaishia hapo. Nadhani hata mkono wake ulianza kwenda. Lakini jirani mmoja, yule ambaye kila msimu alisimama njiani kumtazama akirusha mawe, alisema kwa sauti ya kutosha watu wote, "Katekista, leo babu amekuja kusali." Chumba kizima kikaangua kicheko. Mkono wa Baba ukarudi. Hakufuta. Alifungua kitabu cha Mwanzo akasoma jinsi Mungu alivyomfinyanga mtu kwa udongo na kumpulizia pumzi, akakifunga, akamwomba Mwalimu Kamugisha asimame aeleze huyu aliyechorwa hapo alifinyangwa na nani.

Mwalimu alisimama akaeleza kwa upole. Alisema yeye pia anasali, na kwamba shule inawaambia watoto wataalamu wamepata nini chini ya ardhi, haiwaambii wamwache Mungu. Watu wakagawanyika palepale. Mzee mmoja aliyewahi kufanya vibarua huko Serengeti alisema amewaona kwa macho yake watu wanaofukua mifupa kwa brashi, na hawakuwa wehu. Mama mmoja akamuuliza kama hao wenye brashi walimkuta pia Adamu. Bibi, ambaye hakubatizwa ila alikuwa akija kukaa mlangoni kwa ajili ya nyimbo, alijibu kutoka pale alipokaa kwamba hakuna haja ya kugombana, mtoto wa Katekista mwenyewe alileta habari nyumbani kwamba nyani ni babu, na kwamba yeye, Bibi, amefurahi. Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na chote kilimwangukia Baba.

"Nimemwacha nyani kwa maji ya ubatizo," Baba alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena. "Sasa shule inanirudishia. Kama hayo ndiyo yanayofundishwa humu, mwanangu harudi."

"Katekista, muulize mtoto," Mwalimu akamwambia. "Yeye alikuwepo, na anashika kuliko wote. Aseme neno kwa neno."

Basi nikaitwa mbele. Nilikuwa na sentensi zote tano mdomoni, zimepangika kama vijiti vya kuhesabia. Ningezisema, Baba angeonekana amemshambulia mtu bure, na Bibi angeonekana amepiga kigelegele bure, na mimi ningeonekana mwongo kwa wote wawili. Baba aliniangalia. Bibi aliniangalia akitabasamu. Mwalimu hakuniangalia hata, alikuwa na hakika na mimi. Niliinamisha shingo nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikakaa kimya mpaka watu wakachoka kunisubiri. Wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Ni kweli, lakini mimi sikuwa nyasi. Nilikuwa na mdomo.

Jumatatu niliamkia kwenye dungu. Toka pale juu niliona bati la shule, na upepo ukivuma upande wetu nilisikia darasa langu likikariri. Mwalimu Kamugisha alikuja nyumbani mara mbili. Baba alimpa kiti na uji, wakaongea habari za mvua, na nilipotajwa mimi Baba akasema neno limekwisha kutoka. Padri alipofika mwezi uliofuata alimwambia kwamba Kanisa haliogopi mifupa. Baba alimsikiliza kwa heshima, ila alikuwa amesema mbele ya watu, na maji yakimwagika hayazoleki. Mavuno yalipokwisha, kiti changu kilikuwa na mtoto mwingine. Haikupita miaka mingi nikaolewa. Lakini mdogo wangu alipofikia umri wa shule, Baba alimpeleka mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka alipomwona ameketi. Yule alisoma akawa muuguzi. Mimi niliuza samaki Musoma, nikajenga hukohuko mjini, mtaa wa Kamunyonge, nikasomesha watoto sita, na simwonei haya mtu yeyote kwa darasa langu la tano.

Baba alipozeeka alikuja kukaa kwangu. Alipenda kiti chake kitazame ziwa. Siku moja, bila utangulizi, aliniuliza Mwalimu alisema nini hasa ile Ijumaa. Nikamwambia, sentensi zote tano. Akauliza, "Mbona hukusema?" Nikamjibu kwamba ningesemaje na yeye amesimama mbele ya watu na Biblia mkononi. Hakuniangalia. "Ungesema, Nyangeta," akasema. "Ungesema tu." Hakunipa pole nyingine, na sikudai. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa gunia zima la pole.

Siku hizi makanisa yana majengo yao na shule zina zao, na ubao wa Ijumaa hauonekani Jumapili. Watu wamehamishia ugomvi kwenye simu. Mwezi uliopita jumuiya yetu ilisali kwangu, na baada ya rozari jirani yetu Baba Revo alituchezea mahubiri ya mtu anayepiga kelele kwamba watoto wetu wanafundishwa kuwa wao ni nyani. Akashauri wazazi tuandike barua, watoto watoke nje kipindi hicho kikifika. Wengi walitikisa kichwa kukubali. Mjukuu wangu Neema, yuko kidato cha pili, alikuwa anagawa chai. Baba Revo akamuuliza kwani wamefundishwa nini. Neema akainamisha shingo.

Shingo ile naijua. Nilimwambia aweke birika chini, asimame wima, na aseme neno kwa neno kama mwalimu wake alivyosema, hata kama linamuumbua Baba Revo, hata kama linaniumbua mimi bibi yake. Akasema. Alianza kwa sauti ndogo, akamaliza kwa sauti yake mwenyewe. Baba Revo hakuridhika, na si lazima aridhike. Nikawaambia kwamba mimi naamini Mungu aliniumba, na sihitaji kumziba mtoto masikio ili niendelee kuamini. Imani inayobomolewa na chaki ilikuwa imeegemezwa tu. Akitaka, amweleze Neema anachoamini yeye, na Neema atakisikiliza kwa adabu. Kutoka darasani hatatoka. Barua haikuandikwa. Tulimalizia na sala ya kufunga, chai ikawa imepoa, tukainywa hivyohivyo.

Sisemi kwamba zamani tulikuwa wajinga na leo tuna akili. Bibi alimheshimu nyani kwa sababu ya maji, Mwalimu kwa sababu ya mifupa, na Baba alimpiga mawe kwa sababu ya kicheko cha jirani. Leo nao wapo hao wa kicheko, tena ni wengi kuliko hao wengine. Vilima vya Butiama bado vina nyani, nao bado wanakula mtama wa watu.

Juzi alasiri Neema alikuwa amekaa barazani na daftari lake, mimi nachambua mchele. Akasoma swali kwa sauti: eleza wataalamu wanasema nini kuhusu asili ya mtu na nyani. Kabla hajashika kalamu nilishamjibu, shina na matawi, bila kuacha neno. Akaniangalia kwa mshangao, akaniuliza nimesoma wapi hayo. Nikamwambia ni somo langu la mwisho shuleni, siku ya Ijumaa, na aandike upesi kabla sijageuka mwalimu nikaanza kumuuliza maswali.