Siku Sita Nyuma ya Kaka wa Marehemu

Kaka wa marehemu alinikuta Lackawanna, kando ya Buffalo, nyumbani kwa dada yangu, Jumapili mchana tukiwa ndiyo kwanza tumetoka kanisani. Alikuwa ameendesha gari kutoka Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus, mwendo wa saa tano, bila kupiga simu. Nilimwona kwenye ngazi, kofia mkononi. Hatukuwa tumeonana tangu siku ya kuchoma maiti ya mdogo wake, miaka miwili na ushee nyuma.

Mdogo wake nilifanya naye kazi kwenye ghala moja huko Louisville, yeye upande wa kufunga maboksi, mimi kwenye forklifti ya kuinulia mizigo. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mtu wa milima ya juu kabisa ya Nepali, Mbudha, mcheshi. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, mlokole. Kilichotuunganisha ni Kiingereza cha kazini na mazoea ya kula pilipili kali. Wikiendi moja moja nilimpeleka Columbus kwa kaka yake kwa gari langu, nami nikalala huko huko. Majira ya baridi ya mwaka 2014, asubuhi tukirudi Louisville, gari liliteleza kwenye barafu, likazunguka, likagonga nguzo ya daraja upande aliokaa yeye. Mimi nilivunjika mkono. Yeye alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika.

Polisi waliandika kwamba ni barafu. Hakuna aliyenishtaki. Lakini nilishindwa kuendelea kuishi Louisville, nikahamia kwa dada na kupata kazi ya kutunza wazee.

Sasa kaka mtu alikaa kwenye kochi la dada, akanywa chai yote, ndipo akasema, "Mama yangu anataka kukuona."

"Yuko Columbus?"

"Yuko nyumbani. Ukishuka basi, ni siku sita kwa miguu. Nataka twende wote. Tiketi nimeshakata."

Nilimwambia nitafikiri. Dada alisubiri gari la mgeni lipinde kona, akafunga mlango kwa funguo.

"Mdogo wangu, wewe una akili timamu? Yule mtu mdogo wake alifia mikononi mwako."

"Ilikuwa ajali, dada."

"Mimi najua ni ajali. Wao wanajua? Miaka miwili kimya, leo anakuja na tiketi. Anakupeleka kusiko na barabara wala polisi. Utarudi na figo zote mbili?"

Sikucheka, kwa sababu mimi nilikuwa nimewaza mabaya kuliko hayo. Lakini kuna jambo moja kuhusu asubuhi ile ambalo sikuwa nimemwambia mtu, si polisi, si mchungaji, si dada. Hilo ndilo lililonifanya nikubali, ingawa dada alilia hadi uwanja wa ndege.

Tangu tunatua Nepali nilianza kumchunguza. Aliniomba pasipoti ili ajaze fomu za kibali cha kupanda milimani. Nikamfuata hadi dirisha la ofisi ya vibali, nikasimama nyuma yake mpaka iliporudi mkononi mwangu. Kuanzia hapo niliilalia chini ya shati. Yeye aliona. Basi lilitushusha mahali ambapo barabara iliishia mtoni, tukaanza kupanda. Mbele yeye, nyuma mimi. Nilihakikisha inabaki hivyo siku zote sita.

Siku ya pili tulikuta ukuta mrefu wa mawe katikati ya njia, mawe yamechongwa maneno ya dini yao. Upande wa kulia njia ilikuwa pana. Upande wa kushoto ilikuwa nyembamba, na chini yake ni bonde ambalo ukitupa jiwe husikii likifika. Akanishika bega kunielekeza kushoto.

"Huku," alisema.

Nilisimama. "Kwa nini huku?"

"Ukuta lazima uwe mkono wako wa kulia unapopita. Ndiyo heshima."

"Tangulia."

Aliniangalia kidogo, kisha akatangulia. Nilipita nyuma yake nikiwa nimeegemea ukuta, vidole vikipapasa maandishi, namwomba Yesu anisamehe kama kule kupapasa ni kuabudu.

Tulilala kwenye nyumba za watu, kwa shangazi yake, kwa wakwe zake, kwa mtu aliyesoma naye. Nyumba za mawe, ng'ombe chini, watu juu, na moto katikati ya chumba. Kila nyumba ilikuwa na kabati la sanamu na vibakuli saba vya maji mbele yake, nami nilichagua kukaa mgongo ukiwa umeelekea huko. Walinipa chai yenye chumvi na siagi, ambayo koo langu lilikataa. Lakini walinipa pia unga wa shayiri uliokaangwa, ukandwe kwa chai hiyo hiyo ndani ya bakuli. Mkono wangu uliujua unga ule bila kufundishwa, nikaukanda kama tonge la ugali, na wanawake wa nyumba ile wakaangaliana.

Nilichoogopa si chakula. Ni mazungumzo. Kila nyumba tukishakaa, kaka mtu aliongea kwa lugha yao, taratibu, na chumba kizima kikanyamaza. Sikuelewa neno hata moja. Lakini kwenye nyumba ya tatu niliona mikono yake. Ilikuwa imeinuliwa mbele ya kifua, vidole vimekunjwa, inazunguka kushoto na kulia. Alikuwa anaendesha gari. Kisha mikono ikatulia, na macho yote yakahamia kwangu.

Kumbe kila tulipolala alikuwa anawaambia mimi ni nani. Kwa nini? Mtu anayemleta mgeni kwa mama yake haanzi kumtangaza njia nzima. Nikajiuliza kama huko ndiko kunipitisha mbele ya mashahidi kabla ya hukumu.

Asubuhi iliyofuata kichwa kiliniuma kama kimefungwa waya, nikatapika nje ya mlango. Wazo langu la kwanza lilikuwa sumu. Mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye mashavu mekundu, aliniletea supu ya vitunguu saumu, nyeupe, inatoa mvuke. Niliishika nikaiangalia. Nikamrudishia bakuli, nikamwonyesha kwa mkono, kunywa wewe kwanza.

Kaka mtu aliinamisha uso kwa aibu. Mama yule hakuwa na aibu yoyote. Alikaa chini mbele yangu, akanywa nusu nzima, polepole, akafuta ukingo wa bakuli kwa nguo yake ya kiunoni, akanipa iliyobaki. Nikanywa. Kufikia mchana maumivu yalikuwa yamepungua.

"Ni hewa," kaka mtu aliniambia njiani. "Huku juu hewa ni nyepesi. Hata mimi nimeumwa, nimezoea ya Ohio." Kisha bila kugeuka akaongeza, "Unafikiri nimekuleta kukuua?"

"Sijui umenileta kufanya nini."

"Mama ataongea mwenyewe," alisema, akaongeza mwendo.

Tulifika kwao siku ya sita, jua likiwa utosini. Baba alikuwa uani anapasua kuni. Alimkumbatia mwanawe, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kuni zake. Mama alitoka ndani, mfupi, nywele zimesukwa na kuzungushwa kichwani. Alinishika mkono ule uliovunjika, kana kwamba aliujua, akanivuta ndani na kunikalisha karibu kabisa na moto. Baba naye akaingia, akakaa mlangoni. Hilo nililiona haraka: kati yangu na nje kulikuwa na yeye.

Mama aliongea, kaka mtu akatafsiri. "Anasema, wewe ulikuwa naye. Mimi nilimpa habari kwa simu, lakini mimi sikuwepo. Anataka kusikia kwa mtu aliyekuwepo. Mwanawe alisema nini mwishoni?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. Nililitengeneza tangu Buffalo: kwamba alimtaja mama yake, kwamba hakusikia maumivu. Nilifungua mdomo nikaanza, "Alisema mwambie mama..." Mama alikuwa ameegemea mbele, anaangalia midomo yangu, si ya mtafsiri. Nikashindwa.

"Hapana," nilisema. "Hakusema hivyo. Ngoja niseme ilivyokuwa."

Nikasema. Kwamba tukiwa saa moja kutoka Columbus, mwanawe aliona magari mawili yameingia mtaroni. Akaniambia tusimame kwenye kituo cha mafuta, tungoje malori ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu yapite kwanza. Nilikataa. Zamu yangu ilianza saa nane, na msimamizi alishanionya kwa kuchelewa. Akaniambia mara ya pili. Nikamjibu kwamba mimi ndiye dereva. Hakusema tena. Dakika kumi baadaye tuliteleza. Baada ya kugonga hakuongea neno, alinishika mkono wa koti tu.

Kaka mtu alikuwa ameacha kutafsiri muda mrefu. Alikuwa ananiangalia.

"Watafsirie," nilimwambia.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Hospitali ulikuwa hunitazami machoni. Nikasema, mtu aliyeteleza tu hawezi kuwa hivi. Miaka yote hii nimekuwa nakuwazia mambo mabaya. Nikadhani ulikuwa umelewa."

"Sinywi pombe."

"Najua. Lakini nilidhani."

"Ndiyo maana ulikuwa unawaambia watu njiani?"

"Nilitaka watu wakuangalie," alisema. "Nilitaka kujua kama na wao wanaona kitu."

Kisha akawageukia wazazi wake na kuwaambia yote, na safari hii nilijua ni yote kwa sababu niliiona mikono yake ikiendesha, ikionyesha kusimama, ikiendesha tena. Baba alisikiliza hadi mwisho. Akainuka, akatoka. Nikasikia shoka.

Mama alisogeza kuni motoni. Alipouliza tena, kaka mtu alisita kabla ya kunitafsiria.

"Anauliza, asubuhi ile alikuwa amekula?"

"Alikula. Wali na kuku, kwako wewe. Alirudia mara mbili."

Akauliza kama alivaa vizuri. Nikamwambia koti la kijani na kofia ya sufu. Akauliza kama kazini watu walimpenda. Nikamsimulia jinsi alivyokuwa akichora sura za watu kwenye maboksi, na msimamizi akatafuta mhalifu mwezi mzima. Hapo mama alitabasamu kidogo, kisha akajifunika uso kwa shali na kulia. Mimi pia nililia, na hakuna aliyenizuia.

Tulikaa siku tisa. Sikulala vizuri hata siku moja, maana sikuweza kumsoma baba. Siku ya tatu alinipa kikapu cha kubebea mgongoni, akanionyesha mawe ya kurudishia ukuta wa shamba ulioporomoka. Nilibeba mawe, yeye akajenga. Kila nikimwinamia apokee kikapu, nilikuwa na habari na nyundo mkononi mwake. Aliniashiria jiwe gani anataka, basi. Ukuta ulipoisha aliupiga teke mara mbili kuona kama umekaza.

Siku ya kuondoka mama alinivisha kitambaa cheupe cha heshima shingoni. Baba hakuwepo. Tulimkuta kwenye daraja la kamba, amekaa kwenye jiwe. Alimkumbatia mwanawe, akaongea naye kwa kirefu, nami nikasimama pembeni. Nilipompita aliinua kichwa, akaniangalia, lakini hakunipa mkono.

"Amesema nini?" niliuliza tulipovuka.

"Amesema hajui bado kama anaweza kukusamehe," kaka mtu alijibu. "Amesema ungeweza kumdanganya mama, hukumdanganya. Lakini hajui bado."

Alinipisha, akaniambia nitangulie mimi, maana njia ya kushuka niliijua. Nikatangulia.