Sabuni kwenye Tandiko la Punda

Wiki iliyopita nilirudi kwetu, ng'ambo ya Ishiara, mtoto wangu wa miezi saba mgongoni. Kitu cha kwanza nilichokutana nacho, hata kabla sijafika mlangoni kwa mama, kilikuwa kidonda. Kilikuwa mgongoni mwa punda wa jirani, kikubwa kama kisahani cha chai, chekundu katikati, kimepakwa oili chafu ya pikipiki eti nzi wasikae. Nzi walikuwa wamekaa. Juu ya kidonda gunia la nailoni lililokunjwa mara mbili, juu ya gunia kamba, na kwenye kamba mitungi minne ya maji, ya lita ishirini ishirini.

Mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Nilimwambia jirani, mama mzee aliyenijua tangu nikibebwa, kwamba hiyo ni dhambi. Nilimwambia gunia la nailoni ni la kutilia makaa, si la kuvalisha mnyama. Nikamuuliza kama yeye angekubali kufungiwa kitu hicho kwenye ngozi tupu na jua hili la kwetu.

Hakukasirika. Alinitazama tu, akatoa kijiti cha meno mdomoni, akasema, "Sasa ni wewe wa kunifunza mambo ya matandiko? Na shosho yako ndiye aliyeunguza punda na sabuni?"

Nikamsogelea.

"Nani alikwambia ni shosho?"

"Ni yeye mwenyewe. Alisema pale mtoni, sisi wanawake wote tukisikia. Baada ya hapo nani tena angempelekea kazi?"

Nataka nikueleze vile ilivyokuwa, kwa sababu tangu siku hiyo silali vizuri, na hasira niliyokuwa nayo kwa jirani imenigeukia mwenyewe.

Nililelewa na shosho, mama ya mama yangu, mama akifanya kazi mbali, katika nyumba ya udongo yenye bati lililolia kila jua lilipopanda. Kwetu huko chini ni kukavu. Watu wa juu mlimani wana chai na migomba. Sisi tulikuwa na mawele, ndengu, kunde, mbuzi na kiu. Mto ulikuwa mbali, kwenda na kurudi ilikuwa asubuhi nzima, kwa hivyo nyumba isiyo na punda ilikuwa nyumba ya mwanamke aliyepinda mgongo. Sisi tulikuwa naye, jike la kijivu mwenye sikio lililochanika, na alikuwa akipumua kama mtu anayepuliza uji.

Shosho alishona matandiko ya punda. Si ya kwetu tu. Wanawake walikuja kutoka hata upande wa Kiritiri, wamekunja gunia kwapani, wanasema, "Mama, punda wangu ameanza kunyonyoka nywele." Yeye hakushika gunia kwanza. Alienda kwa punda, akapitisha kiganja mgongoni polepole, kutoka shingoni mpaka mkiani, macho ameyafunga, kama mtu anayetafuta kijiwe kwenye mchele. Punda mnene alishonewa lake, punda mwenye uti uliochomoza lake. Alisema kumvalisha punda tandiko la mwenzake ni kama kwenda kanisani na viatu vya jirani: utafika, lakini hutasikia mahubiri.

Nje aliweka gunia la katani, lile la zamani la kukwaruza. Ndani, upande wa ngozi, alitaka kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka kikachoka: shuka kuukuu, kanga iliyopauka, mara nyingine rinda lake mwenyewe. Nailoni hakutaka kuiona. Alisema nailoni haina huruma, haimezi jasho. Katikati alijaza pamba. Kila mtu alikuwa ameng'oa pamba shambani kwa sababu haikuwa na soko tena, lakini yeye aliacha mistari miwili nyuma ya choo, na jioni tulikaa tukitoa mbegu kwa vidole, redio ya jirani ikisikika kwa mbali, kunde zikitokota. Tandiko lake lilikuwa kama mito miwili ya kulalia iliyounganishwa, na katikati aliacha mfereji, ili uti wa mgongo usiguswe na mzigo. Akimaliza aliliinua, akalaza shavu lake juu, akalikandamiza. Halafu alinivuta sikio: "Leta la kwako." Nililaza shavu langu pia. Kama kulikuwa na fundo, mwiba au ukunjo, shavu lilisema, naye alifumua yote. "Punda hana mdomo wa kukulalamikia," alisema. "Mkopeshe shavu lako."

Kulitunza tandiko ilikuwa kazi yangu. Tukirudi mtoni nililivua, nikalianika upande wa jasho ukitazama jua, si kwenye ua wa miiba, kwenye mti laini. Likikauka nililipiga na fimbo, nikalisugua na gunzi la mahindi mpaka nywele na chumvi ya jasho zitoke, nikatoa mbegu za kushikamana moja moja. Halikukunjwa. Halikulala na mbuzi, kwa sababu ya kupe. Na halikufuliwa ila mara moja kwa mwaka, mvua ikinyesha na mto ukijaa, likizamishwa kwenye maji yanayokwenda, bila sabuni. Kwa nini bila sabuni, sikuwahi kuuliza, naye hakuwahi kusema. Mambo mengine wazee hudhani yanajulikana.

Nikaingia darasa la nne. Kila asubuhi kabla ya shule nilimvisha punda, na kila asubuhi nilienda na harufu yake. Siku moja msichana aliyekaa nyuma yangu akainua mkono, akasema kwa sauti ya adabu kabisa, "Mwalimu, naomba nibadilishiwe dawati. Huyu amelala zizini."

Darasa likacheka mpaka madirisha yakatetemeka. Mwalimu hakucheka, lakini alichosema kilikuwa kibaya zaidi. "Usafi si utajiri, mtoto. Hata kipande cha sabuni kinatosha."

Jumamosi iliyofuata shosho alienda kwenye matanga. Nilichukua sabuni ya unga, pakiti nzima, ile aliyoiweka kwa nguo za kanisa, nikaloweka tandiko kwenye karai. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama chai ya matanga yenyewe. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Sasa ikabaki kusuuza. Nikafungua pipa: maji yalikuwa ya chini kabisa, ya kupikia na kunywa mpaka Jumatatu. Wewe uliyekulia kwenye bomba huwezi kuelewa hesabu iliyokuwa kichwani mwangu. Kwetu mtoto aliyemaliza maji alikuwa mwizi. Nilichota kibakuli kimoja, nikanyunyiza, nikakamua, nikaona inatosha. Povu lililobaki lilizama ndani ya pamba na sikuliona tena.

Lilikauka jeupe, zuri, linanukia kama shuka la mgeni. Shosho aliporudi alililazia shavu, akanusa, akanitazama kwa muda. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Umenifulia." Na usiku huo nilipewa utando wa juu wa uji wa maziwa. Shavu lilikuwa kavu, unaona. Shavu la mwanamke mzee aliyekaa chini ya mti kwenye matanga halina jasho la kuamsha sabuni.

Jumatatu hiyo hakukuwa na shule, tulienda mtoni sote wawili. Kiangazi kilikuwa kimekaza, vumbi linachoma kama majivu. Tukirudi na mzigo, pale kwenye mlima wa mawe, nikaona povu jeupe linatoka chini ya tandiko, linateremka kwenye mbavu za punda. Nilicheka. Nakuambia ukweli, nilicheka, nikasema, "Shosho, ona, anajifulia mwenyewe."

Yeye hakucheka. Alishusha mitungi pale pale njiani, peke yake, kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona. Akafungua kamba, akainua tandiko. Nywele zilikuja nalo. Zilikuja na ngozi, kama maganda ya kiazi kilichochemshwa, na chini yake kulikuwa na nyama ya waridi inayong'aa. Punda hakulia. Alitetemeka tu miguu yote minne. Harufu ya sabuni ile nzuri ilikuwa pale, imechanganyika na kitu kingine, na mpaka leo siwezi kuinunua.

"Ulisuuza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na maji kiasi gani?"

Nilimwonyesha kwa mikono, ukubwa wa kibakuli. Nilingoja kofi. Lilipokosa kuja nikaogopa zaidi. Aliangalia mikono yangu hivyo, imeshika kibakuli ambacho hakipo, akasema, "Ulikuwa unanikinga na kiu." Halafu akakaa chini juu ya jiwe na nikaona mashavu yake yamelegea yote.

Punda alipumzishwa kiangazi chote. Asubuhi na jioni tulimwosha na maji ya chumvi yaliyochemshwa, tukampaka utomvu wa mshubiri. Na maji ya nyumba shosho aliyabeba mwenyewe, mtungi mgongoni, ukanda wa ngozi kwenye paji la uso, kama wanawake wa zamani. Nilitaka kwenda naye. Alikataa, akanituma shule. Ukanda ulimchora mfereji kwenye paji, na haukufutika hata tulipomzika. Kidonda cha punda kilipona kabla ya mvua, ila nywele zilizoota pale zilikuwa nyeupe, kiraka kama mkono uliofunguliwa, na kila aliyepita njiani alikiona.

Wanawake waliacha kuja na magunia. Hilo nililiona. Lakini ndio wakati pikipiki zilianza kupanda mpaka kwetu, na nikajiambia basi, dunia inabadilika, watu hawataki punda tena. Mashine yake ya kushonea, yaani sindano ndefu ya chuma na nta ya nyuki kwenye kibati, ilikaa kwenye ukuta ikashika kutu. Nilijiambia amezeeka, amechoka. Miaka yote hiyo. Nimemaliza sekondari, nimeolewa, nimezaa, nikiamini hivyo.

Sasa jirani amesimama mbele yangu na punda wake mwenye kidonda, ananiambia hakuna aliyehitaji pikipiki kuacha kazi ya shosho. Mtoni walimuuliza nani amemharibu punda vile, naye akasema, "Ni mimi, nilisahau kusuuza." Fundi. Mbele ya wateja wake.

"Si yeye," nikamwambia. "Ni mimi. Nilikuwa darasa la nne."

Mtoto wangu alikuwa ameamka, anavuta nywele zangu.

"Wale waliokuwa mtoni siku hiyo," jirani akasema, "nimebaki mimi. Sasa unamsafishia jina kwa nani?"

Nilimsaidia kushusha mitungi. Nilimwambia huyo punda lazima apumzike, akaniuliza maji ataleta nani, swali la haki kabisa. Nilimweleza habari ya katani na pamba na mfereji wa katikati, nikieleza vizuri, kwa madaha, mpaka akanikatiza.

"Basi shona. Gunia la katani ninalo. Shona, mimi nitakulipa kuku."

Hakuwa akinidhihaki. Alimaanisha. Na hapo ndipo nilipojua, nikiwa nimesimama juani na midomo wazi, kwamba sijui. Najua namna ya kuchagua kitambaa, najua kuanika, kupiga, kusugua. Lakini vile uzi ulivyopita kutengeneza ule mfereji usizibike mzigo ukikaa, sijui. Shosho alisema angenifundisha nikifika darasa la tano, mikono ikiwa na nguvu. Nilipofika darasa la tano hakukuwa na tandiko la kushona.