Mama Alikuwa Mke wa Bibi

Mwaka jana nilikipanda kile kilima chetu cha kati ya Butiama na Bunda, mimi na binti yangu. Nilitaka kumwonyesha nilikozaliwa. Hakuna kitu, ndugu yangu. Umebaki mkonge uliokuwa uzio wa zizi, na jiwe la kusagia mtama lililopasuka katikati. Binti yangu akatazama huku na huku, akauliza, "Mama, babu alikuwa anakaa upande upi?" Nikataka kucheka, lakini nikaketi chini, maana jibu lake si la kusimama.

Mimi sikuwa na baba, yaani baba wa kuvaa suruali. Aliyemtolea mama ng'ombe ni bibi. Kwetu wanaita nyumba ntobhu: mwanamke aliyefiwa na mumewe bila kuzaa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Mama aliletwa kutoka Murangi, kule ziwani, mwaka wa njaa, angali msichana. Baba yake mvuvi alipokea ng'ombe, mama akapanda kilima na kapu la furu wakavu, visamaki vya ziwani, kichwani. Mwanamume aliyenizaa sikuambiwa jina lake, na kwetu halikuwa jambo la kuuliza. Mume wa nyumba alikuwa bibi.

Usidhani tuliishi kwa huzuni. Asubuhi niliamshwa na mlio wa jiwe la kusagia, mama akiwa amepiga magoti, mgongo unakwenda na kurudi. Tulikula ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, na furu waliochemshwa kwa mlenda. Bibi alipenda maziwa mgando ya kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na mimi ndiye niliyekitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Msimu wa pamba tulichambua barazani, chafu huku, safi kule. Bibi alikuwa anasemaga, "Nyumba ni ya anayewasha moto." Nilimwamini.

Niliogopa kitu kimoja tu, kengele ya baiskeli. Mdogo wake marehemu mume wa bibi, ambaye tulimwita baba mdogo, alikuwa mfanyabiashara wa ngozi pale Mukendo, Musoma mjini. Kengele yake ilisikika tangu bondeni, na mimi nilikuwa ninakimbilia nyuma ya kihenge cha mtama. Alikunywa maziwa yetu, akahesabu ng'ombe kwa macho, kisha akaniita. Nilitoka. Alinishika bega, akanigeuza kama anavyogeuza ngozi kutafuta tundu.

"Huyu ameshakua," alimwambia bibi. "Mahari yake ni zizi lingine hili hapa."

Bibi akakifunika kibuyu. Mama aliangalia chini. Na mimi, ambaye bado nilikuwa ninacheza na vidoli vya mabunzi ya mahindi, sikulala vizuri mpaka wiki ikaisha.

Ndipo likaja agizo la kuhamia kijiji cha ujamaa, chini kule barabarani. Ng'ambo ya bonde, jirani mmoja alichelewa, na wanamgambo wakaja wakaezua paa lake mchana kweupe, watoto wake wamesimama nje wamekumbatia masufuria. Tangu hapo kila mlio wa lori ulinikimbiza ndani. Mama akaanza kufunga vitu. Anafunga, anafungua, anafunga tena.

Baba mdogo naye akaja, safari hii bila kupiga kengele. Tulimwona tu amesimama mlangoni.

"Shemeji, kiwanja kinaandikwa kwa mwanamume," alisema. "Kichwa cha nyumba. Wewe utawaambia nini? Kwamba una mke? Watakucheka. Mimi nitaandikwa. Ng'ombe, huyu mwanamke na huyu mtoto watahamia kwangu. Na wewe utapewa kibanda, sitakutupa."

"Kaka yako aliniachia mji huu," bibi alisema.

"Kaka yangu alikufa."

Mkutano ulifanyika katika shule iliyokuwa bado haijaezekwa. Jua lilituchoma. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake chini, miguu wameinyoosha. Mimi nililala mapajani mwa mama nikajifanya nimesinzia. Mwenyekiti wa kijiji aliita nyumba moja baada ya nyingine. Ilipofika zamu yetu akauliza, "Hapa kichwa cha nyumba ni nani?"

"Mimi," akasema baba mdogo, akasimama.

"Mimi," akasema bibi, naye akasimama.

Wanaume wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, alijikuna shingo, akatazama pale tulipokaa. "Wewe mama wa mtoto. Wewe ni mke wa nani kati ya hawa?"

Mama akanishusha taratibu. Alisimama, na ndipo nikaona kwamba alikuwa mrefu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, cha ziwani, lakini siku ile hakikumkwama.

"Mzee mwenyekiti, mimi nilitolewaga ng'ombe, sikuulizwa," alisema. "Leo huyu anataka kunirithi pamoja na ng'ombe, hajaniuliza. Wewe ndiyo wa kwanza kuniuliza. Basi nakujibu. Mama huyu amenitunza, simkatai. Lakini pamba ile nalimaga mimi. Niandike na mimi. Jina langu."

Kicheko kilikatika. Baba mdogo aliinua fimbo, mtu akamshika mkono. Lakini mimi sikumtazama yeye, nilimtazama bibi. Kwa maana mama alipoomba jina lake liandikwe, bibi hakuwa mume tena mbele ya kijiji kizima. Akimkana mama sasa, nilijua tutapanda baiskeli ya Mukendo jioni ileile. Bibi alikaza kanga yake kiunoni. Mwenyekiti alimwita tena.

"Aandikwe," bibi akasema. "Mimi na yeye. Na mtoto ni wetu."

Mwenyekiti aliandika. Sijui alifuata sheria gani, labda alichoka na jua tu. Wazee wa ukoo walimpa baba mdogo ng'ombe, karibu wote, ili anyamaze, na tukawaona wakiteremka kuelekea barabara ya Musoma, ndama wetu mwekundu akigeukageuka. Bibi alilia kwa ajili ya ndama yule. Kwa jambo lingine hakulia.

Tulipofika kwenye kiwanja kipya, nguzo bado mbichi, bibi alimwambia mama, "Umenivua nguo mbele za watu."

"Ndiyo, mama."

"Sasa ukitaka kuondoka, utaondoka?"

"Nikitaka," mama akasema, akaendelea kupepeta mtama.

Hapo ndipo woga wangu ulipohama. Nilikuwa nimemwogopa baba mdogo, sasa nikaanza kuuogopa uhuru wa mama yangu. Akienda kisimani nilimfuata. Mwaka uliofuata baba yake alifariki, akaenda Murangi peke yake kuzika, na bibi hakumzuia. Kila alasiri tulikaa mimi na bibi tukitazama barabara. Nadhani tuliogopa kitu kilekile. Halafu mama akaja, vumbi mpaka magotini, na samaki mkavu, kamongo, kichwani. Bibi alisogea, akampa nafasi kwenye mkeka.

Wote wawili wamekwisha kwenda. Shule ile ilibomolewa, mashamba ya pamoja yaligawanywa, na pamba yenyewe siku hizi wachache wanaihangaikia. Hata desturi ya bibi inatajwa kwa aibu, au kwa utani. Nilimweleza binti yangu haya yote tukiwa tumeketi palepale kilimani. Akaniuliza kama bibi alimpenda mama, au alimmiliki tu.

Wanawake wawili walioweza kumjibu wamelala jirani, kule chini barabarani, kwenye kiwanja chenye majina yao. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka ziwani. Nilimshika mkono tukateremka.