Kitambaa cha Kroshe Juu ya Kompyuta

Vumbi likiungua ndani ya kompyuta hutoa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Juzi, hapa kwangu Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, niliinusa tena. Kompyuta ya watoto ilikuwa ikiganda kila mara, na nilipoinama kuitazama nikakuta binti yangu ameifunika kwa kitambaa cha kroshe, eti urembo. Nikajikuta nimekaa sakafuni.

Nyumba zetu za Kindu mnazijua: kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, kiti kina chake. Basi utotoni mwangu, baba alipoleta kompyuta kuukuu kutoka ofisini kwao, mama aliifumia vazi jeupe lenye maua, likashuka mpaka mgongoni. Haukupita muda baba akaenda Kinshasa kwa kazi, vita vikakata njia, tukabaki wawili, mimi na mama, na mashine iliyovaa vizuri kutushinda.

Umeme ulikumbuka mtaa wetu siku mojamoja. Ukija, niliiwasha, kisha nikaweka mikono mapajani bila kugusa kitu. Ukiiacha hivyo kidogo, yalipita kiooni maneno aliyoyaweka baba kabla ya kuondoka: "Zaina, ukimaliza kucheza uzime." Wala sikuwa nikicheza. Nilitaka tu anigombeze. Lakini maneno hayakufika mbali, mashine ikaganda, jina langu limekatika nusu. Niliizima, nikaiwasha, nikaipiga makofi ya ubavuni, nikaiombea dua. Wapi! Nikabaki naitazama.

Mama akamwita Papa Ramazani, jirani yetu aliyetengeneza redio. Aliweka kiganja nyuma ya mashine, akacheka.

"Mama Zaina, mashini inakosa pumuzi. Utoe hii kitambaa, haitabloka tena."

"Na vumbi?" mama akajibu. "Mwenyewe akirudia, aikute chafu? Aseme nilishindwa kuchunga kitu yake?"

Papa Ramazani akakusanya vifaa vyake, akaenda zake. Mimi nilimkasirikia mama sana. Kila nilipolalamika aliniambia subira huvuta heri, kisha akakifua kile kitambaa, akakipiga pasi ya makaa na kukirudisha palepale.

Vita vilipotulia na watu wa upande wa Kinshasa wakaanza kurudi, mwenzake baba wa kazini alikuja kwetu. Mama alinituma maji. Niliporudi, mgeni alikuwa ameondoka, na kitambaa kimekunjwa mezani. Mama mwenyewe akaniwashia. Mashine ikaenda bila kuganda, maneno ya baba yakapita mazima, tena na tena, nami nikarukaruka.

"Mama, imepona! Kuya uone!"

Hakuja. Alikuwa amelala kitandani na viatu miguuni, uso ukutani.

Kwamba baba amefariki niliambiwa siku ya pili, shangazi zangu walipofika kwa matanga. Ya kitambaa sikuyaelewa mpaka juzi, pale sakafuni, nimekishika cha binti yangu. Mama alijua tangu mwanzo kilichoikaba ile mashine. Ila alikuwa na mtu wa kumtunzia kitu chake, na siku ile ya mgeni hakuwa naye tena.

Na mimi, mchana ule kutwa, nilikaa mbele ya kioo baba akiniambia nizime. Sikuizima. Umeme ulikatika wenyewe.